Timu Isiyopewa Nafasi: Utangulizi wa Somo la Historia ya Michezo

Somo unaloliingia linahusu timu ambazo hakuna aliyezipa nafasi, kisha zikafika mbali. Swali lake la msingi ni jepesi kulitaja: zilifikaje huko? Kulijibu ndiko kuna kazi, maana majibu mawili humtangulia mtafiti kabla hajafungua daftari. Kuna wanaosema ni mkono wa Mungu, na kuna wanaosema ni bahati tu. Siwapingi wanaosali. Wachezaji wengi wa kwetu huingia uwanjani wakisali, na imani yao ni sehemu ya historia yao. Lakini jibu linalofunga mjadala siku ile ile ya ushindi huacha kazi ya miaka mingi, ya watu wengi, bila kuandikwa. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka tuijue.

Nimeandika nikimfikiria mwanafunzi aliyeteremka kutoka Luhwindja, kule juu katika milima ya Mwenga, akaja Bukavu kutafuta masomo. Huyo ameshaona mashindano ya kilima kwa kilima wakati wa likizo: mbuzi au kombe limetolewa na mkubwa fulani, na timu ya wachimbaji inaitoa timu ya shule iliyokuja na viatu na jezi mpya. Jambo lenyewe analijua tangu utotoni. Kilichobaki ni kumpa vifaa vya kulichunguza.

Tuanze na tukio ambalo kila mtu wa mashariki ya Kongo mwenye umri wa kulikumbuka analikumbuka. Tarehe 14 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Porto Alegre mabao 2 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mulota Kabangu alifunga dakika ya 53, Dioko Kaluyituka akaongeza la pili dakika ya 85. Internacional walikuwa mabingwa wa Amerika Kusini, na miaka minne nyuma walikuwa wamelichukua kombe hilo hilo kwa kuifunga Barcelona. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 2000, fainali zote zilikuwa za klabu za Ulaya na Amerika Kusini peke yao. Mazembe ikawa klabu ya kwanza kutoka bara lingine kufika hapo. Siku nne kabla yake ilikuwa imeitoa Pachuca ya Mexico kwa bao moja la Bedi Mbenza, na siku nne baadaye ikafungwa 3 kwa 0 na Inter Milan, mabingwa wa Ulaya, kwa mabao ya Pandev, Eto'o na Biabiany.

Ukisoma magazeti ya wakati ule utaona neno muujiza kila ukurasa. Sasa fanya kama mwanahistoria: rudi nyuma mwaka mmoja. Desemba 2009 Mazembe walikuwa mjini humo humo, katika mashindano hayo hayo. Walifungwa 2 kwa 1 na Pohang Steelers ya Korea Kusini, kisha 3 kwa 2 na Auckland City ya New Zealand, wakarudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Vipigo hivyo viwili havitajwi katika hadithi ya 2010, ingawa kwa maoni yangu ndiko hadithi inakoanzia. Kikosi kilichorudi kilikuwa kimeshaijua safari, hoteli, nyasi, taa, na hofu ya kutazamwa na dunia nzima. Timu nyingi zinazoitwa za muujiza zimewahi kushindwa vibaya mahali pale pale, na mtafiti asiyeuliza kuhusu mwaka uliotangulia atakuwa anasimulia tu.

Kisha tazama nani hakuwepo. Trésor Mputu, nahodha na mchezaji mwenye kipaji kuliko wote katika kikosi, alikuwa nje kwa adhabu ya miezi kumi na miwili aliyopewa na FIFA kutokana na vurugu dhidi ya refa katika Kombe la Kagame mjini Kigali. Mwenzake Guy Lusadisu naye aliadhibiwa kwa tukio lile. Mtu angetegemea timu ivunjike. Kocha Lamine N'Diaye, Msenegali, aliipanga bila Mputu, na timu hiyo ikaifunga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 mjini Lubumbashi katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Afrika. Nani alibeba mzigo wa Mputu? Kaluyituka kwa sehemu kubwa, ambaye mwisho wa mashindano ya Abu Dhabi alipewa Mpira wa Fedha, nyuma ya Eto'o peke yake. Mzambia Stoppila Sunzu naye alikuwa katika kikosi kile. Februari 2012 ndiye aliyepiga penalti iliyoipa Zambia Kombe la Afrika, ubingwa mwingine ambao wachache sana waliutabiri. Ukiwafuata wachezaji mmoja mmoja, kutoka klabu hadi taifa, utaona kwamba matukio tuliyodhani yako mbalimbali yana watu wale wale ndani yake.

Hapa ndipo swali ninalolipenda kuliko yote katika somo hili linapojitokeza: nyonge mbele ya nani? Mbele ya Inter, Mazembe ilikuwa nyonge. Mbele ya klabu za Bukavu, kama OC Muungano au OC Bukavu Dawa, Mazembe ni jitu. Rais wake, Moïse Katumbi, alipata utajiri wake katika biashara na huduma za migodi, na mwaka ule wa 2010 alikuwa pia gavana wa Katanga. Klabu yenyewe ilizaliwa 1939 katika mji wa shaba, mikononi mwa mapadri Wabenedikti, na baadaye ikabeba jina la kampuni ya matairi ya Englebert. Ilishinda ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, ikacheza fainali nne mfululizo kuanzia 1967 hadi 1970. Kuiita klabu ya namna hiyo maskini kungekuwa ni kuipotosha historia. Unyonge si sifa ambayo timu huzaliwa nayo. Ni uhusiano kati ya timu mbili siku fulani, na mtafiti anapaswa kuupima upya kila mechi: mishahara, safari, uwanja, idadi ya wachezaji wa akiba, madaktari, na umri wa viatu.

Kwa mwanafunzi wa Luhwindja swali hili lina uzito wa pekee. Chini ya milima yenu kuna dhahabu, na mgodi wa Twangiza ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012 chini ya Banro, kampuni ya Kanada. Shaba ya Katanga ilijenga mji, mji ukajenga klabu, na klabu ikafika fainali ya dunia. Dhahabu ya Luhwindja imejenga nini uwanjani? Kulijibu swali hilo kwa uangalifu, kwa kuhesabu na kwa kuwahoji watu, ni kazi ya tasnifu nzima, na ningefurahi sana kuisoma.

Nimeitaja Kanada, basi nikupeleke huko kwa kurasa chache. Wakanada wana mchezo wao wanaoupenda kama sisi tunavyopenda soka: hoki ya barafu. Watu sita kila upande, akiwemo golikipa, wanateleza kwa viatu vya chuma na kukipiga kwa magongo kisahani cha mpira mgumu, katika vipindi vitatu vya dakika ishirini. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ni ya Wakanada na Wamarekani pamoja. Kila timu hucheza mechi zaidi ya 80 katika msimu wa kawaida, kisha timu 16 huingia hatua ya mtoano kugombea Kombe la Stanley, na ili kumtoa mpinzani lazima umshinde mara nne katika mechi zisizozidi saba. Nakuomba uuvumilie mchezo huu wa nchi za baridi kwa sababu umeandikwa na kuhesabiwa kuliko karibu mchezo wowote, na hivyo unatufundisha kitu ambacho soka letu, lenye kumbukumbu chache, halijaweza kutufundisha.

Chukua timu ambayo ikikutana na mpinzani fulani hushinda mara 4 katika 10. Katika mechi moja ina nafasi ya asilimia 40. Ikilazimika kushinda mechi nne kati ya saba, nafasi inashuka hadi kama asilimia 29. Na ikilazimika kuwashinda wapinzani wanne wa namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, ndipo ichukue kombe, inabaki na nafasi kama mara 7 katika 1,000. Rudia hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, usiniamini. Utagundua kwamba kanuni za mashindano zinaamua mengi kabla ya filimbi ya kwanza. Mazembe ilihitaji kushinda mechi mbili tu, kila moja ya siku moja, ili ifike fainali. Kama ingebidi icheze na Internacional mara saba, mimi binafsi nisingeiwekea matumaini makubwa. Kusema hivyo hakuipunguzii chochote, kwa kuwa ilicheza mashindano yaliyowekwa mbele yake. Idadi ya mabao nayo ina neno. Mchezo ambao bao moja au mawili yanaamua kila kitu humwachia mnyonge mlango wazi, wakati mpira wa kikapu, wenye vikapu vingi kwa kila robo, huufunga taratibu.

Katika hoki utagundua pia nguvu ya golikipa. Mwaka ule ule wa 2010, miezi minane kabla ya Abu Dhabi, Montreal Canadiens waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane na wa mwisho upande wa mashariki, na pointi 88. Walipangiwa Washington Capitals, walioongoza ligi nzima kwa pointi 121. Baada ya mechi nne Washington walikuwa mbele, tatu kwa moja. Montreal wakashinda tatu zilizobaki. Katika mechi ya sita golikipa wao Mslovakia, Jaroslav Halák, aliokoa mashuti 53, na timu yake ikashinda 4 kwa 1. Baada ya hapo waliwatoa Pittsburgh Penguins, mabingwa watetezi, katika mechi saba, kabla ya kuzimwa na Philadelphia Flyers. Ukitazama idadi ya mashuti ya mechi ile ya sita utadhani Washington ndio walioshinda. Mtu mmoja aliyesimama mbele ya wavu aliigeuza hesabu yote.

Sisi tunaye wa kwetu. Robert Kidiaba Muteba alikuwa na miaka 34 mjini Abu Dhabi. Dunia inamkumbuka kwa kushangilia kwake, akikaa chini na kurukaruka kwa makalio mbele ya goli lake, na picha hiyo bado inazunguka. Kazi yake ya dakika tisini dhidi ya Internacional, mikono iliyowazuia Wabrazili kupata bao, haizunguki hata kidogo. Jambo hili linaniuma, nami sitalificha. Kumbukumbu ya dunia ina tabia ya kuchagua kutoka kwa mnyonge kile kinachochekesha na kukiacha kile kinachofundisha.

Kuna mfano wa zamani zaidi, na mchungu zaidi. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilikwenda Ujerumani Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika, na Ndaye Mulamba wake alikuwa ametoka kufunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka ule nchini Misri. Ilifungwa 2 kwa 0 na Scotland, 9 kwa 0 na Yugoslavia, 3 kwa 0 na Brazil. Katika mechi ya mwisho Brazil walipata mpira wa adhabu, na Mwepu Ilunga, beki aliyetoka Mazembe, akachomoka katika ukuta na kuupiga mpira mbali kabla hawajaupiga wao. Kwa miaka mingi watangazaji wa Ulaya walilionyesha tukio hilo kama ushahidi kwamba Waafrika hawakuzijua sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua vizuri sana. Wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha walizoahidiwa, na baada ya kipigo cha Yugoslavia vitisho vilikuwa vimewafikia kutoka kwa watu wa Mobutu. Kile kilichochekwa kilikuwa malalamiko ya mfanyakazi asiyelipwa. Somo letu lingekuwa na faida hata kama lingefanya jambo hili moja tu: kumrudishia Mwepu maana ya tendo lake.

Usidhani kwamba timu isiyopewa nafasi lazima ifike fainali ndipo ichunguzwe. Nairobi kuna timu ya hoki ya barafu, Kenya Ice Lions, iliyokulia katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, uwanja usiotimiza vipimo rasmi. Kwa muda mrefu haikuwa na mpinzani wa kucheza naye. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza na timu nyingine, huku Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa NHL, wakivaa jezi yao na kucheza upande wao. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo kama mwanachama mshiriki. Je, timu isiyo na mpinzani ina msimu? Inapimaje maendeleo yake? Mtafiti anayeanza na Kenya Ice Lions analazimika kufikiri upya mambo ambayo sisi wa soka tunayachukulia kama hewa.

Vivyo hivyo usidhani ni mambo ya wanaume peke yao. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika nchini Morocco kwa kuwafunga AS FAR, wenyeji, 1 kwa 0. Maandishi juu yao ni haba mno ukilinganisha na ya wanaume wa 2010, na wahusika wote bado ni vijana wenye kumbukumbu mbichi. Anayetafuta mada asiende mbali.

Na AS Maniema Union ya Kindu? Timu kutoka mji ambao barabara zake zinajulikana kwa ubaya wake iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya msimu wa 2024–25, kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Mazembe wana mashabiki wa kuwaandikia. Kindu wanasubiri mwandishi.

Sasa neno juu ya ushahidi, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukata tamaa. NHL imehifadhi kila shuti. Sisi tuna nini? Tuna redio. Radio Maendeleo imekuwa ikisikika Bukavu tangu 1993 na Radio Okapi ilianza 2002. Watangazaji wao wa michezo wamebeba kichwani misimu mizima ya Kadutu. Tuna karatasi za mechi zilizojazwa kwa mkono na marefa, kama hazijatumika kufungia karanga. Tuna wapiga picha wa mitaani, mapadri waliosimamia timu za shule, akina mama waliofua jezi na wanaojua nani alilipwa na nani hakulipwa. Vita vya 1996 na vya 1998, na kuingia kwa M23 mjini Bukavu Februari 2025, vinatukumbusha kwamba karatasi hukimbia na wenyewe au huungua. Kwa hiyo nenda mapema. Mzee akikuambia timu yao iliwahi kuiondoa timu ya mjini, muulize mwaka, na kama haukumbuki muulize nani alikuwa mwami wakati ule, mtoto wake yupi alikuwa amezaliwa, na kama barabara ya kuteremkia Bukavu ilikuwa imekwishapitika. Mwaka utapatikana.

Muulize pia juu ya misimu iliyoshindwa. Hili nalisisitiza kuliko yote ya ufundi. Tukikusanya hadithi za timu nyonge zilizoshinda tu, tutaona umoja, imani na kujituma kila mahali, tutadhani ndizo sababu. Lakini timu zilizotolewa raundi ya kwanza nazo zilikuwa na umoja, nazo zilisali, nazo zilijituma. Ni kwa kuziweka pamoja zile zilizofika na zile zilizobaki njiani ndipo tunaweza kusema nini kilifanya tofauti, na mara nyingine jibu la kweli litakuwa kwamba mpira uligonga mwamba ukaingia.

Sura ya kwanza ya kitabu hiki inatupeleka Ethiopia, Januari 1968. Ghana ilikuwa imelichukua Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, na katika hatua ya makundi iliifunga Kongo-Kinshasa 2 kwa 1. Wakongo walivuka hatua hiyo, wakawatoa wenyeji Ethiopia 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza, na tarehe 21 mjini Addis Ababa wakakutana na Ghana mara ya pili. Kalala, mshambuliaji wa Englebert, alifunga bao pekee la fainali. Kabla hujafungua ukurasa unaofuata, andika kwenye daftari lako vitu ambavyo ungetaka kuvijua kuhusu siku kumi za mashindano yale: nani alilipia safari, nani aliumia, kocha alibadilisha nini kati ya mchezo wa kwanza na Ghana na wa pili. Halafu tusome pamoja.